Karani na Kondoo wa Mahakama

Karani alikuwa na baiskeli ambayo sikuwahi kumwona ameipanda kwenye mteremko. Na Mbulu, kwa asiyeifahamu, ni miteremko mitupu. Alikuwa akiishika usukani na kutembea nayo polepole hadi chini, na akishafika chini anapanda, anapiga kengele mara moja kuwajulisha ng'ombe, kisha anaondoka. Penye njia panda alinyoosha mkono. Gari liwepo au lisiwepo, na mara nyingi halikuwepo mpaka siku ya mnada, mkono wa Karani ulitoka. Siku moja nilimkuta kwenye njia panda ya kwenda Tumati, ukungu umeshuka hadi magotini. Alisimama, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akanyoosha mkono, akapinda. Mashahidi tulikuwa mimi na punda mmoja. Nilicheka mpaka pikipiki ikanizimikia, na kuiwasha tena katika baridi ile kulinichukua asubuhi nzima.

Alikuwa karani wa mahakama, na ofisi yenyewe sitaitaja, maana ingali na watu wake. Kazi zake zilikuwa nyingi, lakini aliyoipenda ni ile aliyoiita "mashauri ya vyombo vya moto". Vyombo hivyo havikuwa vingi. Palikuwa na lori la ushirika, Land Rover ya mapadri, matrekta ya mashamba ya ngano kule Hanang, na pikipiki ya zahanati, ambayo ilikuwa mali ya umma lakini mimi niliita yangu. Karani mwenyewe hakujua kuendesha chochote kati ya hivyo. Akipanda gari alitapika kabla halijaondoka. Hilo halikumzuia kuwaeleza madereva namna ya kukata kona.

Mimi nilikuwa mganga msaidizi, kijana niliyeletwa kutoka Morogoro kuja kuwatibu watu ambao, kwa maoni yangu ya wakati ule, walikuwa wakinisubiri tangu uhuru. Nilivaa bugaluu, suruali pana miguuni, na viatu vya raizoni vya soli ndefu, na miwani ya jua katika nchi yenye mawingu. Watu wa huku walinitazama kwa adabu wasiseme neno. Nilidhani wanashangaa uzuri.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoingia ofisini kwa Karani nilisema, "Habari za kazi?" Akaendelea kuandika. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kwa kuwa mimi ni mtu wa tiba, nikaanza kufikiria dawa ya masikio. Akaingia mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, akasema, "Shikamoo, mzee." Kalamu ikawekwa chini.

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo? Mvua imefika kwenu? Ng'ombe wanaendeleaje?"

Aliulizia mpaka mbuzi. Mama akahudumiwa, akaondoka, na mimi bado nimesimama na raizoni zangu. Mwishowe nikaitoa ile shikamoo, kwa sauti ndogo, huku nikiangalia dari.

"Marahaba," alisema. "Shikamoo haina ngazi ya utumishi, kijana. Sasa kaa."

Mtu aliyenifundisha hayo alikuwa na shida yake mwenyewe. Hakimu wetu alikuwa kijana mdogo kuliko kitinda mimba wa Karani, naye ameletwa kutoka mbali kama mimi. Nani amwamkie nani? Walikubaliana, sijui lini, kwamba nje ya mlango hakimu atasema "Shikamoo, mzee", na wakishavuka kizingiti Karani atainamisha kichwa na kusema "Mheshimiwa". Mvua ikinyesha wakakimbia pamoja kuingia ndani, heshima ilivurugika, na Karani alikasirika siku nzima.

Lakini kilichomfanya ajulikane hadi Gehandu ni namna yake ya kupanga majalada. Makarani wengine walipanga kwa namba, au kwa majina ya washtakiwa. Yeye alipanga kwa mahali kosa lilipotendeka. Kila mahali palikuwa na furushi lake lililofungwa kwa kamba ya katani. Daraja la Miti lilikuwa na furushi, Kona ya Mkaratusi furushi, Mawe Mawili furushi.

"Nikipanga kwa majina nitampata nani?" aliniuliza. "Hapa nikiita Paulo, nusu ya kanisa itasimama. Na watu wanahama. Leo yuko kwa baba yake, kesho amefuata malisho Basotu. Lakini mahali pa kosa hapahami."

Alilisema hilo kwa majivuno makubwa, na kwa miaka kadhaa lilikuwa kweli. Hata samansi alizituma mahali pa kosa, si nyumbani kwa mtu. Alikuwa na imani kwamba mkosaji lazima atapita tena palepale. Kwa wenyeji ilifanya kazi, maana njia ni moja na habari hutembea. Kwa mgeni kutoka Morogoro haikufanya kazi hata kidogo.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilikuwa nimetoka kutibu mahali panapoitwa Mawe Mawili, juu kabisa ukingoni mwa milima, na nikapewa kondoo kwa ajili ya kumtibu mtoto. Mtu wa Morogoro akipewa kondoo hafikirii njia ya kurudia, anafikiria mchuzi. Nikamlaza kondoo kwenye tangi la pikipiki, nikamfunga kwa mpira, nikavaa miwani. Sikufika mbali. Palepale penye mawe yenyewe lori la ushirika lilikuwa limesimama kupoza injini, na ndani yake alikuwamo trafiki, ambaye nadhani hakuwa amepata kosa hata moja tangu atoke mjini. Alifurahi sana kuniona. Aliandika kwamba nimempakia kwenye chombo cha moto abiria asiyeruhusiwa, yaani kondoo jike mmoja, mweupe, kichwa cheusi. Karatasi nikapewa mimi, kondoo akachukuliwa kuwa kielelezo.

Karatasi niliiweka mfukoni mwa bugaluu, na bugaluu likafuliwa. Samansi sikuiona. Nikahesabu kwamba jambo limekwisha. Nilijisifia hata kwa wenzangu kwamba serikali inajua ubora wa mganga, haiwezi kumsumbua kwa kondoo.

Miaka ikapita. Wananchi wakaambiwa wahamie vijijini, wakae pamoja, wajengewe shule na bomba la maji. Mawe Mawili ikahamishwa kutoka mlimani, upande wa Mbulu, ikashushwa tambarare upande wa Hanang, karibu na barabara. Watu walibeba paa zao, mitungi yao, kuku wao, na jina la kijiji chao. Kwa hiyo kukawa na Mawe Mawili mpya mahali ambapo hakuna hata jiwe la kufulia nguo. Hapo ndipo mpango wa Karani ulipopata ugonjwa. Agizo likaja kwamba mashauri ya Hanang yapelekwe Hanang. Naye, mtu wa kutii, akaangalia jina kwenye furushi, akaona Mawe Mawili iko Hanang, akalipeleka. Karani wa kule akasoma, akaona kosa lilitendeka mlimani, Mbulu, akalirudisha. Karani wetu akalipeleka tena. Mahali pa kosa sasa palikuwa pakihama kila wiki, kwa lori la ushirika.

Mimi ningeendelea kucheka kama zahanati yetu isingeahidiwa gari. Wakati ule mama akishikwa na uchungu mgumu alibebwa kitandani na wanaume wanne, na wengine hawakufika. Tuliambiwa gari lipo, lakini nafasi ya dereva haipo. Kama katika zahanati atapatikana mtumishi mwenye leseni ya gari kabla masika hayajaisha, tutaletewa, la sivyo litapelekwa kwingine. Mtumishi kijana nilikuwa mimi peke yangu. Niliwaambia watu nataka leseni kwa ajili ya akina mama, na ilikuwa kweli, ingawa usingizini nilijiona nimeweka kiwiko dirishani. Nikaenda kuomba. Ofisa akanitazama, akafungua vitabu vyake, akasema, "Wewe una shauri la kondoo. Likiisha, rudi."

Ndivyo nilivyoingia kwa Karani siku ile na kusema habari za kazi.

Alilitafuta furushi la Mawe Mawili kwa muda wa majuma. Alinituma Hanang, Hanang wakanirudisha kwake. Nilipanda na kushuka milima ile mpaka raizoni zikabaki soli. Huku masika yanakwenda. Siku moja nikapandisha hasira, nikamwambia mpango wake hauna maana, kwamba hata sokoni Mbulu wauza viazi wana utaratibu kumzidi. Kisha akavua miwani, na nikaona kwamba macho yake yamejaa maji.

"Daktari," alisema, "mimi sikujua kwamba mahali panaweza kuhama. Nani aliwahi kuona?"

Nilijisikia vibaya, nikaangalia dari tena. Ile dari ya mahakama naijua vizuri kuliko mtu yeyote.

"Jalada silioni," akasema baadaye. "Lakini kielelezo nakijua kilipo. Tukikipata kielelezo, Mheshimiwa anaweza kufungua jalada lingine."

Kumbe kondoo alikuwa hajaliwa! Mimi nilishamfanyia matanga zamani. Karani alieleza kwamba mwanzoni alimfunga nyuma ya mahakama, lakini siku ya pili kondoo alipitisha kichwa dirishani akatafuna mwenendo wa kesi ya mpaka wa shamba, na watu wale wakapatana kwa kukosa cha kusoma. Ndipo Karani akafuata mpango wake uleule. Alimrudisha kondoo mahali pa kosa, akamkabidhi kwa nyumba ya karibu zaidi na yale mawe, ya mama mmoja mjane, amtunze mpaka shauri lisikilizwe. Akamwambia, "Huyu ni wa serikali."

Tukaenda, kwanza mahali pa kosa. Hakuniruhusu kupanda pikipiki, kwa kuwa nilikuwa mshtakiwa, nikaisukuma. Yeye alisukuma baiskeli, kwa kuwa kila kilima kilikuwa na mteremko wake. Watu waliotukuta njiani walitupa pole wakidhani vyote viwili vimeharibika. Mlimani tulikuta mawe yote mawili, maboga yaliyoota yenyewe palipokuwa na nyumba, na ua wa minyaa unaozunguka kitu ambacho hakipo. Karani alisimama hapo akavua kofia. Halafu tukashuka kwenda tambarare.

Kijijini tuliuliza, "Kondoo wa mahakama yuko wapi?" Hawakutushangaa. Waliuliza, "Mahakama yenyewe au watoto wake?" Kwa maana kondoo alikuwa amepewa jina la Mahakama, naye Mahakama alikuwa amezaa, na wanawe wamezaa. Wakati wa kuhama yule mama aliacha kinu chake na kitanda chake ili aweze kuwaswaga wote hadi tambarare. Alitupokea kwa maziwa ya mgando. Nilimwamkia vizuri, nilikuwa nimeshafunzwa. Akanitazama muda mrefu kisha akatabasamu kidogo.

"Zote zipo," alimwambia Karani. "Hata moja sikuchinja. Hata moja sikuuza. Maziwa tu nilikamua, nikasema serikali itanisamehe hiyo."

Karani alikibakiza kikombe mdomoni bila kunywa. Katika nchi hii mtu akikutunzia mnyama ana haki yake. Maziwa ni yake na mbolea ni yake, na akizaliwa wa pili au wa tatu, mmoja atakuwa wake. Kila mtoto anajua. Ila Karani alikuwa amesema "wa serikali", na yule mama hakujua kama serikali nayo hufuata mila. Alikuwa amelala njaa, huku kundi zima linacheua nje ya mlango wake.

Siku ya shauri yule mama alikuja na kundi lote, kwa miguu, kupanda ule mlima. Kondoo walijaa uwanja wa mahakama. Nilikiri kosa kwa Kiswahili kirefu chenye maneno ya sheria niliyoyaokota hapa na pale, hakimu akaniambia kwa kifupi nisirudie tena, akanipa onyo. Nikapumua. Leseni nimeipata, gari tumelipata. Na tena, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshawaangalia wale kondoo kupitia dirishani na kuanza kuwagawa, huyu wa Krismasi, huyu wa posa.

"Kielelezo arudishwe kwa mwenyewe," alisema hakimu. "Mwenyewe ni nani?"

"Ni mimi, Mheshimiwa. Nilipewa zawadi."

"Na nani?"

"Na mwananchi mmoja wa huko."

"Jina lake?"

Nilitibu watu wengi, nilikuwa na haraka, nilikuwa na miwani. Nikasema silikumbuki.

Yule mama alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma. Akasimama, akasema kwa utulivu, "Ni mimi nilimpa. Mtoto alikuwa anapumua vibaya. Akapona."

Mahakama nzima iligeuka. Karani alikuwa amemrudishia kondoo mwenye kumtoa, bila kujua, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ilikuwa karibu na mawe. Naye kwa miaka yote hiyo hakusema, akailisha zawadi aliyokwisha kuitoa, ambayo mpokeaji wake hakukumbuka hata sura ya mtoaji. Nilitamani viatu vyangu viwe virefu zaidi ili nizame ndani yake.

"Kwa nini hukusema?" hakimu alimwuliza.

"Kitu nikishatoa si changu. Ningesemaje?"

"Basi mimi namrudishia," nikasema upesi, kwa ukarimu wa mtu aliyekamatwa. "Wote wawe wake."

Uso wake ukabadilika. "Hapana, Daktari. Ukirudisha kondoo yangu, ni kusema hukumtibu mtoto. Mtoto yupo. Ni mkubwa sasa."

Hakimu akamtazama mwendesha mashtaka, mwendesha mashtaka akatazama kondoo. Hapo Karani, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kufungua mdomo shauri likiendelea, aliweka kalamu chini akasimama.

"Mheshimiwa, kosa ni langu. Nilimwambia mama huyu ni wa serikali. Ningemwambia ni wa mtu. Naomba Daktari aseme ni wake, kisha amwombe mama amtunzie, kama watu wanavyotunziana. Hapo kila mmoja atakuwa na chake, na mama atachukua haki yake tangu mzao wa kwanza. Haki ya miaka yote hiyo ni karibu kundi zima, Mheshimiwa."

Nikamgeukia yule mama, nikamwomba. Alifikiri, akauliza kama sasa anaruhusiwa kuchinja. Karani akajibu kabla ya hakimu: "Hata leo." Mama akaketi, akafunika uso kwa khanga, na mabega yake yakawa yanatikisika. Ndivyo nilivyokuwa mwenye mifugo Hanang. Wangu walibaki ni Mahakama mwenyewe na mwanawe mmoja, na hao sikuwahi kuwaonja.

Furushi la zamani halikuonekana. Karani aliamini mpaka mwisho kwamba liko njiani. Akastaafu, akahamia Mawe Mawili ya chini. Huko alitakiwa kulima shamba la kijiji na wenzake, na nasikia alichelewesha kazi kwa kutaka kila mtu ashike mstari wake.

Mara ya mwisho wanakijiji waliniita nikamchukue. Masika yalikuwa yamepasua njia, nami nilikuwa na lile gari, kiwiko dirishani, ingawa nywele zilikuwa zimeanza kuniaga zenyewe. Nilimkuta kwenye kigoda nje ya nyumba, amevaa koti la kazi, amekonda, tumbo limejaa maji. Nilipomgusa nilijua, na yeye aliona kwamba nimejua. Nikaanza kupiga domo kuhusu barabara.

"Kwanza leseni," alisema.

"Mzee?"

"Siingii kwenye chombo cha mtu nisiyejua ana leseni."

Nikaitoa. Aliisoma yote, mbele na nyuma, akiishika mbali na macho. Alipomaliza hakunirudishia mara moja. Aliifuta kwa mkono wa koti.

"Akina mama wangapi mmewafikisha hospitali kwa gari hili?"

"Wengi, mzee. Sikuhesabu."

"Vizuri," akasema. "Basi lile shauri liliisha."

Tulipokuwa tunamwinua, yule mama alikuja mbio akimvuta kondoo kwa kamba, mweupe, kichwa cheusi. Alitaka kondoo apelekwe hospitali pamoja na Karani, ili achinjiwe, apate supu. Niliangalia kiti cha nyuma, nikamwangalia Karani. "Mama," nikaanza, "mzee huyu mwenyewe atakuambia ni kosa..."

"Mpakie," alisema Karani. "Mimi nimestaafu."

Tukampakia. Karani hakutapika. Alikaa mbele pembeni yangu, macho njiani, na kondoo nyuma yetu akilia kila tulipoingia shimoni. Tulipokaribia njia panda ya hospitali niliangalia. Hapakuwa na gari, hapakuwa na baiskeli, hapakuwa na hata punda. Nikaanza kupinda.

"Hukutoa ishara," alisema.

"Hakuna mtu, mzee."

"Na mimi?"

Nikasimamisha gari. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Kisha nikanyoosha mkono nje ya dirisha, mvuani, nikauweka hapo mpaka aliposema inatosha.